Mkono Wenye Joto Chini ya Maji ya Songo Mnara

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua linawaka, na akili yangu timamu. Na akili yangu, niwie radhi, si ya kubahatisha. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Miteja niliyejisomesha hadi Uingereza, nikarudi na diploma ya mitambo, na Bwana DC akanipa mkono mbele za watu. Huko Uingereza ndiko nilikojifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, katika maji yanayogonganisha meno. Basi nilipopata likizo yangu ya kwanza, wakati wa kipupwe, nilibeba mitungi yangu hadi kisiwa cha Songo Mnara nikaone matumbawe ya kwetu. Baridi ya kwetu? Niliicheka.

Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mama mcheshi ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Mumewe, Issa, mzamiaji wa kombe, alitoka peke yake miaka mingi nyuma, na mtumbwi wake ukaonekana ukielea mtupu. Sasa sikiliza kosa la watu wale. Issa alikuwa mzamiaji hodari kupita wote, kwa hiyo hakuna aliyekubali kwamba amekufa maji. Walisema ametoroka, ameoa Unguja. Hakuswaliwa, hakusomewa hitima, na Bi Somoe hakukaa eda. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kila penye arusi wenzake walimtazama kama mwanamke aliyetelekezwa.

Aliyeshikilia neno hilo kuliko wote ni mdogo wake Issa, Chande, ambaye ndiye aliyenipakia mtumbwini mwake.

"Bwana Diploma," akaniambia akiutazama mtungi, "unakwenda kuzamia au kuuza maji?"

"Nakwenda kukaa chini muda mrefu kuliko alivyokaa kaka yako."

"Kaka yangu? Issa akizama, wewe unabandika wali, unaiva, unapakua, ndipo yeye aibuke. Afe maji yule! Yuko Unguja anazeeka na mke mwingine."

Bi Somoe alikuwa ufukweni akiosha masufuria. "Ukimwona, shemeji," akamwambia Chande, "mwambie chakula chake kimepoa." Alicheka, lakini uso aliugeuza.

Nikashuka. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, na baridi, nakiri, ilinipata. Nilipofika chini ya mwamba nikaona mtu mbele yangu. Niamini. Hana miwani, hana mtungi, kajifunga shuka kiunoni, na puani mwake hamtoki povu hata moja. Mtu asiyetoa povu chini ya maji, anavuta nini? Nilijiuliza kama fundi.

Akanyosha mkono akaushika wangu. Ulikuwa na joto! Katika baridi ile, joto kama la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Nilitaka kujitoa, lakini alinishika taratibu, kama unavyomshika mgonjwa anayejifunza kutembea tena, na moyo wangu ukatulia. Akaniongoza hadi kwenye ufa wa mwamba. Wazamiaji wa kule hujifunga jiwe ili washuke upesi, na wakifika chini hulifungua. Humo ufani mlikuwa na jiwe jekundu, si la kisiwani, limefungwa waya wa shaba, na waya umenasa kwenye mwamba. Pembeni yake palikuwa na mifupa ya mtu.

Yule mtu akainua mikono yote miwili, kama anayeomba dua, kisha akajipangusa uso. Viganja vilipoondoka usoni, pale mbele yangu palibaki maji tu.

Nilikata ule waya nikapanda na lile jiwe polepole, kama nilivyofundishwa. Chande alipoliona, alishika kasia akapiga moja kwa moja hadi ufukweni.

Bi Somoe alilipokea kwa mikono miwili. "Jiwe langu la kusagia," akasema. "La mama yangu, lilitoka Rondo. Lilipopasuka Issa akachukua nusu akazamie. Tuligombana siku nzima!" Akaingia jikoni, akatoa nusu ya pili, akaziunganisha juu ya mkeka. Zikashikana. Akazitazama sana. "Kumbe hukwenda popote, mume wangu. Ulikuwa hapa hapa."

Chande alikaa mchangani akalia. "Nisamehe, shemeji. Nilijua Issa hashindwi na maji."

"Hata mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana nilikuchukia nusu tu."

Nilipomweleza Bi Somoe yote, aliniuliza, "Alikushika mkono upi?" Nikamnyoshea wa kulia. Aliufunika kwa upindo wa kanga, maana mimi si maharimu wake, akaushika na kufumba macho.

"Ndiye," akasema. "Kipupwe mimi sikujua blanketi."

Tuliipandisha mifupa kwa kikapu, ikavikwa sanda, ikaswaliwa, ikazikwa. Mwalimu wa msikiti akamwambia kwamba eda, kwa hesabu ya miaka, imekwisha pita. Bi Somoe akamjibu kutoka ndani, "Miaka ile nilikuwa nangoja, mwalimu. Sikuwa nalia. Niacheni nilie." Nguo nyeupe akavaa, ndani akakaa.

Nami? Tangu siku ile mkono wangu wa kulia haupati baridi. Daktari wa Lindi, Mzungu, aliupima akatikisa kichwa. Hapa nyumbani Rasbura, ikifika kipupwe, mke wangu na watoto hugombea kulala upande huo.

Basi nawe utakayezamia visiwa vile, chukua neno langu. Ukishikwa mkono chini ya maji, usiuvute, na wala usipige mbio kwenda juu. Nenda naye. Huenda nchi kavu yuko mtu ambaye mpaka leo hajaruhusiwa kulia.