Dada Yangu na Panya Wasiosikia

Dada yangu mkubwa kazi yake ni kutunza panya. Si wale wa darini. Hawa ni weupe, wanazaliwa ndani ya jengo la utafiti, kila familia na sanduku lake la plastiki, na chakula chao kinapimwa kuliko chetu. Mlinzi wa getini humtania kila asubuhi, "Mama Panya, paka wako hajambo?" Naye humjibu, "Hajambo, anakuulizia wewe." Basi, maongezi yake ya siku nzima huishia hapo, maana ndani yuko peke yake.

Nyumbani nako kimya. Shemeji yangu, Mungu amlaze pema, alizaliwa kiziwi kama baba yake, na binti yao akafuata damu hiyo. Binti ni fundi cherehani, na wanaongea kwa ishara, yeye na mama yake. Lakini dada alikulia nyumba ya makelele, ya kwetu sisi, na sauti anaipenda. Kwa hiyo alizoea kuongea na panya. Anabadilisha maranda huku akiwapa habari za mtaani, anawagombeza, anawaombea. Hawakusikia hata neno. Panya wale nao walikuwa viziwi wa kurithi, ndiyo maana walifugwa pale.

Sasa binti akaitwa kazi mji mwingine, kwenye karakana ambayo mafundi wote ni viziwi wenzake. Dada akaona nyumba inabaki tupu. Wakati huohuo daktari wa utafiti, mwanamke mmoja mpole, akaanza kuwadunga panya dawa sikioni. Alimweleza kwamba wamezaliwa na jeni moja mbovu, na dawa ile inabeba jeni nzima na kuifikisha ndani kabisa ya sikio. Dada akashika hilo kwa mikono miwili.

"Usiende kwanza," alimwambia binti. "Dawa inakuja. Subira huvuta heri."

Binti akaahirisha safari.

Kwao, ukitaka kumwita binti, unapiga meza anayoshonea, naye anageuka. Mkono ukishazoea umezoea. Siku moja dada aliingia chumba cha panya waliodungwa, akapiga meza yenye masanduku yao. Panya wote wakaruka! Akamshukuru Mungu kwa sauti humo humo chumbani, na kazi ilipokwisha alikwenda nyumbani karibu mbio.

"Wanasikia!" alisema kwa mikono. "Nimewaita, wakaruka!"

"Umewaitaje?"

"Nimepiga meza."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. "Mama wee! Hata mimi naruka ukipiga meza. Kwani nimepona?"

Dada naye akacheka, kicheko cha aibu. Kisha mikono ya binti ikaenda taratibu. "Mimi sikuomba kupona, mama. Nangoja kwa ajili yako. Kamuulize daktari kama dawa hiyo inamfaa mtu mzima kama mimi. Ikimfaa, nakaa. Isipomfaa, niruhusu niende."

Daktari alimwonyesha namna wanavyopima hasa. Panya analazwa usingizi, anawekwa vijisindano chini ya ngozi ya kichwa, sauti inapigwa, na mashine inachora jinsi ubongo unavyoitika. Kwa panya mmoja mstari ulijilalia tu. Kwa mwingine ulipanda na kushuka kama vilima.

"Huyu anasikia kweli, mama," daktari alisema. "Tulimdunga akiwa kichanga. Yule tulimdunga mkubwa. Kwa wakubwa, hapa kwetu, bado tumeshindwa. Na watu hatujawagusa kabisa."

Dada alinihadithia haya akiwa amekaa kitandani kwangu. "Ningeweza kunyamaza, mdogo wangu," alisema. "Daktari na mwanangu hawajuani. Nani angejua?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilipanga kumwambia tungoje kidogo. Nikainua mikono, ikakataa. Mikono hii ndiyo iliyomfundisha sala. Nikamwambia yote. Akanikumbatia, akaanza kukunja nguo zake."

Sasa mama na binti huonana kwenye simu kila Jumapili, tukitoka ibadani. Dada anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi. Juzi nilimkuta katikati ya maongezi. Binti amenenepa, uso unang'aa, wenzake wanapita nyuma yake wakitania kwa ishara za haraka, naye anawajibu huku akicheka. Dada alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Simu ilipozimika, alibaki ameinua mikono kidogo, kama mtu aliyekatizwa neno.

"Walikuwa wanasema nini?" nikamuuliza.

"Sikupata vizuri," alisema. "Mikono yao ni midogo mno humo ndani."

Akaishusha yake mapajani, tukakaa.