Lenzi Ndefu Kwenye Harusi ya Ihanja

Mimi na ushauri hatuivi chungu kimoja. Muuza kamera wa Singida mjini aliniambia nianze na lenzi fupi. Nikang'ang'ania ndefu, ya kuvuta watu kutoka mbali, pamoja na stendi yake.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Ihanja. Nikajibanza pembeni ya shamba la alizeti, nikamlenga bibi yake bwana harusi, aliyekaa mkekani na wenzake. Akajifunika uso kwa khanga. Nikasubiri, nikalenga tena. Khanga. Na wenzake nao wakajifunika.

Shangazi mmoja akanifuata, amekunja uso. "Wewe, tangu asubuhi unawaelekezea wazee hilo dude. Umewasalimia?"

Nikaenda mbio, nikapiga goti mkekani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Khanga ikashuka, akatabasamu na mapengo yake yote. Nikapiga hapo hapo mkekani kwa lenzi ile ile ndefu, nisije nikaikosa tena sura ile, kisha nikamwonyesha.

Akaitazama picha kwa makini. "Hii ni pua ya marehemu baba yangu," akasema. "Mimi niko wapi?"

Kesho yake nilimkuta muuza kamera bado anafungua duka.