Siku ya Chakula Hatukuwa na Jumbe

Juzi nimerudi Songea, rafiki yangu, nikapita palipokuwa ghala la boma la Wadachi, ndio Wajerumani. Nikatema mate. Walionitazama wakadhani uzee umenipanda kichwani.

Kabla ya vita vya Maji Maji, asubuhi kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, ilianza na mlio wa jiwe la kusagia na harufu ya ulezi uliokaangwa. Mgeni akitokea, bibi alimnawisha mikono, akamwekea ugali na mlenda. Akishashiba ndipo aliulizwa ametoka wapi. "Mwenye njaa hana ukoo," bibi alizoea kusema. Kisha askari wa Wadachi wakachoma nyumba na vihenge, njaa ikaingia. Tukasikia boma linagawa mahindi. Bibi akambeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikashika kibuyu cha maji, tukaenda Songea tukichimba na kula ming'oko ya porini.

Mlangoni mwa ghala alikaa akida wa Wadachi, mtu wa pwani, kanzu nyeupe pe, tumbo limemtangulia. Na utaratibu wake, tazama upuuzi huu: kila mwenye njaa aje na jumbe wa kijiji chake, jumbe amnyooshee kidole aseme, "Huyu wangu." Hapo ndipo unapimiwa mahindi.

"Jumbe wenu nani?"

"Mlimnyonga, bwana akida," bibi akajibu. "Hapo nyuma ya boma."

"Basi hamna wa kuwashuhudia. Ninyi wageni. Rudini kwenu."

"Kwetu mlikuchoma moto."

Akapiga mwayo. Haki ya Mungu, alipiga mwayo! Nyuma yake panya walikuwa wanatafuna mahindi, nawasikia kwa masikio yangu. Sijui wao walishuhudiwa na jumbe gani.

Bibi akamwendea jumbe wa kijiji cha jirani, akampigia magoti atunyooshee kidole tu. Akaogopa, akatazama pembeni. Tukazidi kurudi pale mlangoni, hadi asubuhi moja mdogo wangu akafia mgongoni mwa bibi, tukiwa tumesimama mbele ya akida. Tukamzika kando ya njia, karibu na kibanda tulichojijengea.

Mvua zilipokatika, boma likataka watu wa kulima barabara. Akida huyo akaja mwenyewe hadi kibandani, jasho linamtoka, ameongozana na jumbe mpya, kijana ambaye hatukuwahi kumwona. Kijana akamnyooshea bibi kidole.

"Huyu wangu," akasema.

Bibi akapewa jembe. Akalitia begani, akawafuata, na mimi hadi leo nawadharau wote wawili, yule mnene na yule kijana wake.

Vihenge vya ulezi sivioni tena. Jiwe la bibi la kusagia sijui liko wapi, na siku hizi mgeni huulizwa kabila lake mikono ikiwa bado mikavu. Barabara tu ndiyo ipo. Waliinyoosha, ikapita juu ya mdogo wangu, na bibi alikuwa miongoni mwa walioilima.