Uniti Sabini na Tano

Pale Mkuza, Kibaha, wapo wanaomwita Tunu Matano mkono wa birika. Waongo, na nusu yao hawajamrudishia hata kiberiti walichoazima. Bahili ni mtu mwenye nacho akakificha. Tunu hana cha kuficha. Mshahara wake wa karani wa masjala ukiingia, benki wanakata kwanza marejesho ya mkopo ulioezeka nyumba, na kinachobaki ukikitazama unaweza kucheka, kama si wewe unayetakiwa kuishi nacho. Makato hayo yamebakiza miaka mitano. Kazi hawezi kuiacha. Nyumba hawezi kuiuza, hati iko benki. Mume wa kumlalamikia naye hana: Latifu alikwenda Kahama kutafuta maisha, akayapata, akayaoa.

Basi akajibana. Maharage yanalowekwa tangu jana yake ili yasile mkaa, na mkaa wenyewe unapimwa kwa kopo la maziwa. Gesi ni ya chai ya asubuhi tu. Vipande vya sabuni vinakusanywa mpaka vinatosha kufinyangwa kuwa mche. Nguo zinapigwa pasi mara moja kwa wiki, Jumapili, zote kwa mpigo, pasi ikiwa bado na moto wake. Kazini anakwenda kwa miguu, viatu vizuri viko mkobani.

Ila fahari yake ilikuwa umeme. Nani asiyejua hii habari ya uniti sabini na tano? Mtumiaji mdogo ananunua umeme kwa bei ya kuhurumiwa, lakini uniti zake zisipite sabini na tano kwa mwezi. Ukizidisha, za juu unauziwa bei inayouma, na ukizoea kuzidisha unahamishwa kabisa, unaingizwa kwenye kundi la wenye nazo. Kurudi huko chini ni kazi ya barua na kupanga foleni. Tunu alikuwa hajazidisha mwezi hata mmoja tangu nyumba ivutiwe waya, miaka sita. Televisheni aliiuza. Friji, moja ya vitu alivyoviacha Latifu, akaichomoa na kuifanya kabati la vyombo: sahani juu, masufuria chini, vikombe mlangoni. Kila jioni, hata kabla hajavua ushungi, alikuwa anatazama rimoti ya mita ya LUKU ukutani na kuona zimebaki ngapi, na zikiwa zile alizozitarajia moyo ulikuwa unatulia. Kuna watu wanaomshukuru Mungu kwa vikubwa zaidi ya hivyo, lakini kila mtu na chake.

Ndani ya nyumba hiyo walikuwa watatu: yeye, binti yake Firdausi wa kidato cha tatu, na mama yake mzazi, Bi Mwanamvua. Bibi huyu alitoka Kisarawe miaka miwili nyuma, masika yalipoangusha ukuta wa nyumba yake ya udongo. Alikuja na mkeka, tasbihi na kiroba cha korosho, na tangu siku ya kwanza aliishi kama mgeni aliyeambiwa gari lake limechelewa. Hakuwahi kuomba kitu.

Kitu kimoja tu kilianza kumtia Tunu wazimu, nacho kilikuwa maji. Mwanzoni mwa mwaka bili ilikuja kwenye simu imepanda, mwezi uliofuata ikapanda tena. Tunu akachunguza, akaona: mama. Mama anakunywa maji, Bi mkubwa yule, mtungi wa kushinda siku nzima haufiki adhuhuri. Akishakunywa anakwenda msalani, na akienda msalani anamwaga ndoo. Usiku mara nne, mara tano. Tunu alianza kwa utani, akamwambia mama humu ndani siku hizi tunafuga ngamia. Mama akacheka. Bili ya tatu ilipokuja utani ukaisha. Tunu akaweka ndoo mbili kwa siku za msalani, zikiisha zimeisha, na siku moja zilipoisha mapema akasimama uani na kusema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: "Mama, kama ni maji ya kuchezea, Kisarawe visima vipo, tena vya bure."

Mama akaiweka ndoo chini, akarudi ndani. Siku zilizofuata alikunywa kidogo, au alikunywa Tunu akiwa hayupo, na bili ikashuka. Tunu akaona ameshinda.

Haukupita muda, kaka yake Bi Mwanamvua akafariki huko Kisarawe. Mama akaenda kwenye msiba, akakaa mpaka arobaini ikasomwa. Aliporudi alikuwa amekonda, macho hayaoni vizuri, anapapasa kikombe kilicho mbele yake. Tunu akasema ni huzuni, kaka alikuwa mmoja tu. Akampa pole, akampikia uji wa mchele wenye nazi, jambo lililo kubwa katika nyumba ile. Kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Na hesabu zikakataa. Tarehe kumi na nane ya mwezi ule rimoti ilitakiwa isome uniti thelathini na zaidi. Ilisoma kumi na nne. Tunu akaifuta kwa kanga, akabonyeza tena, kumi na nne. Tarehe ishirini na nne nyumba ilikuwa giza, na Tunu hakununua, maana kununua ni kuzidisha. Walikaa na mshumaa mpaka tarehe moja, wakila kabla jua halijazama. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo.

Ee bwana, hapo ndipo Tunu alipobadilika. Alimshuku jirani kwa kumvutia waya kisirisiri, akazunguka ukuta na tochi kama mlinzi. Alimshuku Firdausi kwa kuchaji simu za shule nzima, akamnyang'anya chaja, kisha akafungua na balbu ya chumbani kwake, akamwambia asome kukiwa na mwanga wa Mungu. Mtoto hakubisha. Kwa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye mdomo kama wa baba yake, kutobisha kulikuwa ajabu, lakini Tunu hakujiuliza. Mwisho akamwita Hashiru, fundi umeme anayeaminika hapo Maili Moja. Hashiru akazima kila kitu, akakaa mbele ya mita nusu saa nzima, akatikisa kichwa. Waya hazina kosa, alisema. Usiku huu umeme umelala. Basi unaliwa mchana, dada yangu, na anayeula yumo ndani.

Kesho yake Tunu alimdanganya mkubwa wake wa kazi kwamba anaumwa jino. Saa nne asubuhi akaingia kwa mlango wa uani, viatu mkononi, akinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sahani zilikuwa zimepangwa sakafuni juu ya gazeti. Masufuria pembeni. Vikombe, kimoja kimoja, vimefunikwa. Na friji ilikuwa inanguruma.

Hakutoa hata salamu. Mkono ulimtangulia, akavuta plagi kutoka ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikacheua cheche. Baada ya hapo ndipo akafungua mlango wa friji aone ni biashara gani inaendeshwa humo, barafu, juisi za ubuyu, nini. Hamkuwa na kitu. Friji tupu, nyeupe, na katikati ya rafu kikombe cha udongo, ndani yake kichupa kidogo cha dawa kilichoviringishwa ncha ya leso.

Bi Mwanamvua alikuwa ameketi mkekani, mgongo umeegemea ukuta, sindano nyembamba ya plastiki mkononi. Alikuwa amegeuza uso upande wa ile sauti ya plagi, na usoni hakukuwa na mshangao wala hasira.

"Wacha tu imezimwa, mwanangu," alisema. "Baridi iliyomo itafika mpaka adhuhuri."

Tunu alikaa chini palepale, kati ya sahani.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Kule msibani Bi Mwanamvua alianguka jikoni mbele ya masufuria ya pilau. Badru, mtoto wa marehemu, akamkimbiza hospitali, wakampima, wakakuta sukari imepanda kupita kiasi, na imepanda siku nyingi. Ndiyo iliyokuwa inanywa yale maji. Wakamwanzishia sindano, wakamwandikia barua ya kuendelea kliniki huku Kibaha. Dawa alikuwa anapewa bure kwenye dirisha la wazee, na kliniki alikuwa anakwenda mwenyewe Tunu akiwa kazini, akiuliza njia. Hakuna senti aliyomgharimu mtu. Ila muuguzi alimwambia dawa hii inataka baridi, na baridi ndiyo kitu pekee ambacho bure yake hakuipata. Basi kila asubuhi, Tunu akishatoka, alitoa vyombo, akawasha. Kila alasiri alizima, akavirudisha vyombo mahali pake kwa kupapasa. Kichupa usiku kilikaa chini ya kitanda, chini ya bati lililoshinda linachemka jua la siku nzima.

Tunu aliuliza swali moja tu, na hakumwuliza mama, alimwuliza Firdausi aliporudi shule, maana alishaelewa kwamba mtoto alijua. Kwa nini hamkuniambia?

Firdausi alitazama chini. "Bibi alisema ukijua utamrudisha Kisarawe."

Tunu alitaka kuapa. Alifungua mdomo aape kwa Mungu kwamba hajawahi hata kuwaza jambo kama hilo, na mdomo ukabaki wazi, kwa sababu alikumbuka ndoo, na uani, na visima vya bure. Alilia siku ile, hilo sitalificha. Alilia mbele ya mtoto wake, na mtoto hakujua aweke wapi mikono.

Majirani walipopata habari walikuwa tayari na methali yao: mficha maradhi, kilio humfichua. Sawa, ni kweli. Lakini nauliza, methali hiyo ilipotungwa, kuna aliyeuliza mgonjwa alikuwa anamficha nani?

Alimpeleka mama kliniki mwenyewe. Muuguzi, binti mdogo tu, alimwamkia Bi Mwanamvua shikamoo kwa adabu, akapima, akaandika, akapima tena. Dawa inayopata baridi mchana na joto usiku inakufa, alieleza, unajichoma sindano lakini ni kama unajichoma maji. Macho yameshaguswa. Kuanzia leo friji isizimwe.

Isizimwe. Tunu alirudi na neno hilo njia nzima. Friji ile ni kuukuu, inakula kuliko wao watatu. Alijua bila karatasi kwamba sabini na tano hazitafika tarehe ishirini, na zingine atazinunua kwa bei ya wenye nazo, na baada ya miezi michache atahamishwa. Alipiga hesabu akatoa chai ya saa nne kazini. Akatoa soli ya viatu. Akatafuta kingine cha kutoa, akakuta hakipo, kila kitu alishakitoa miaka iliyopita, amebaki na mifupa ya maisha tu. Kwa mara ya kwanza aliona wazi kwamba miaka yote ile alikuwa anajijengea chumba kisicho na mlango, akiupanga ukuta kwa mkono wake mwenyewe, na kufurahi kila tofali linapokaa sawa.

Hata hivyo alinunua. Akaiwasha friji mbele ya mama, akaweka kichupa ndani, akasema iachwe hivyo, mchana na usiku, na suala la umeme ni lake yeye. Mama akaitikia "ndiyo mama", sauti ileile anayoitikia kwa waganga na mabalozi wa nyumba kumi.

Alasiri Tunu aliporudi, friji ilikuwa imezimwa na sahani zimo ndani. Akawasha, akaeleza upya, polepole. Mama akasema ndiyo. Kesho yake imezimwa. Tunu akabembeleza, akapiga magoti, akashika miguu ya mama akaomba radhi kwa yote, ndoo na kila kitu, na mama akampa radhi palepale, akamwombea dua ndefu ya baraka na riziki, mikono juu. Alikuwa anamaanisha kila neno. Asubuhi friji ilikuwa imezimwa.

Ni Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kiza bado. Tunu amevaa tayari kwa kazi. Amesimama penye soketi, anatoa sahani moja moja asizigonganishe, anasukuma plagi, anabonyeza swichi. Friji inakohoa, inaanza kunguruma. Nyuma ya pazia kitanda kinalia.

"Firdausi," mama anaita kwa mnong'ono. Macho yake hayawezi kuona nani yuko upande wa pili wa pazia, na sauti yake ina haraka ya mtu mwenye hofu. "Firdausi mjukuu wangu, zima. Zima upesi, mama yako asije akakukuta."

Tunu anashika pazia, halafu analiachia. Anaifanya sauti yake kuwa nyembamba, ya msichana wa miaka kumi na sita.

"Ameshaondoka, Bibi."

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona. Amekwenda kazini. Lala."

"Alhamdulillahi," anasema Bi Mwanamvua, anageukia ukutani, na analala.