Tonge la Ugali Kondele

Juzi nilikuwa nakula samaki wa kukaanga katika ule ukumbi mpya wa vyakula hapa Kisumu, wenye viti vinavyong'aa na bei za mtaani. Mlinzi mwenye sare akapita karibu na meza yangu. Nikaacha kutafuna.

Mama alikuwa akikaanga samaki kando ya barabara pale Kondele, na hakuwahi kula mbele ya wateja. Lakini alasiri moja mtu alipiga mluzi kwenye kona. Mama akavua aproni, akaikalia, akajibana kwenye benchi katikati ya wateja, akanipakata na kuvuta sahani ya jirani yake. Nilifurahi mno. Leo na sisi tulikuwa wateja!

Askari wawili wa kanjo, wale wa baraza la mji wanaokamata wachuuzi, wakatusimamia. Mafuta yalikuwa bado yanachemka kwenye karai.

"Nani mwenye hii kitu?"

"Ameenda kuchota maji, afande," akasema mtu wa boda boda bila kuinua kichwa.

Askari akaniinamia. "Wewe mtoto, nani anauza hapa?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa fahari. Mama akanitia tonge kubwa la ugali. Kwetu, kuongea na chakula mdomoni ilikuwa ni kofi, kwa hiyo nikatafuna. Askari akangoja. Benchi zima likatafuna. Mwishowe wakamwaga mafuta, wakaondoka na karai, na Mama hakugeuka.

Kwa miaka mingi niliihesabu ile kuwa siku aliyonidekeza. Vidole vyake vilitetemeka kwenye midomo yangu, nami nilidhani ugali ulikuwa unamchoma.