Saa ya Kalunguta

Kabla ya ajali, Kavugho alijua njia ya Beni kwa masaa. Bwana yake Lusenge, motari wa kubeba batu kwa pikipiki, akitoka Butembo saa tatu na muteja mugongoni, saa ine kasoro yuko Kalunguta. Hapo Kavugho alikuwa anamupigia simu, akimuita kwa jina la mutoto wao.

"Papa Keren, uko wapi?"

"Kalunguta."

"Njia iko salama?"

"Iko salama."

Bibi za bamotari banafanyaka vile. Kwa njia ile batu benye bunduki banavamiaka; mutu akikawia, moyo haukai. Na bamotari bamezoea kuingiza simu ndani ya kaske, ile kofia ya pikipiki, inabana kwa sikio, banajibu bila kusimama.

Siku ya ajali njia ilikuwa salama kabisa. Lakini Kavugho aliongeza: "Umekula?"

"Nilikula mu..."

Kavugho akasikia chuma kikigonga, na sauti ya mutu asiyemujua ikilia. Lusenge aligonga mubaba mwenye kusukuma kinga, baiskeli yenye kubeba makala ya kupikia. Mubaba alipona, na muteja pia. Mguu wa Lusenge ulivunjika, miezi munane ndani ya nyumba. Batu bakauliza alikuwa anaongea na nani. Lusenge akajibu: "Na muteja mumoja." Mpaka leo hapana mutu mwingine anajua kama ni Kavugho alikuwa kwa simu, na wao wawili hawajaisema hata kitandani.

Leo asubui Lusenge alirudi njiani. Kavugho akapeleka simu kwa jirani.

"Yaya Adèle, unikamatie hii. Nikiiomba, ukatae."

"Mama Keren! Umepata bwana wa pili?"

"Hapana, yaya. Ni juu ya ule wa kwanza."

Akafua nguo za mutoto. Saa ine kasoro mukono wake ukatafuta fundo la kitenge kwenye anafungaka simu, ukakuta kitenge tu. Keren alikuwa amelala. Akaenda mpaka kwa lupango, uzio wa kwa Adèle.

"Hapana!" Adèle akapaza sauti.

"Sijaomba kitu."

"Macho yako inaomba."

Karibu saa sita Adèle akakuja mwenyewe.

"Papa Keren amepiga. Amefika Beni."

Kavugho akakaa chini, palepale kwenye majani.

"Alisema nini ingine?"

"Aliuliza uko wapi. Nikasema unafua. Kisha akakata."

Adèle akanyoosha simu. Kavugho akaiangalia. Alitamani ile sauti, hata neno moja tu.

"Ukae nayo, yaya," akasema. "Bado ana njia ya kurudi."