Vipimo vya Kweli vya Mama Pini

Mafundi cherehani ni waongo, na ninaposema hivi simtukani mtu. Fundi akikwambia gauni lako limebaki vifungo tu, ujue hata kitambaa hakijakatwa. Mama Pini alikuwa na uongo huo kama wenzake, lakini alikuwa na mwingine wa ziada, wa huruma, na huo ndio uliomjazia wateja mpaka wengine wakawa wanasubiri zamu kwenye benchi la kinyozi wa jirani.

Ulianza zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi. Alimpima mama mmoja mwenye mwili wake, akasoma utepe kwa sauti kama alivyofundishwa. Yule mama akakikunja kitambaa chake, akakitia kwapani, akaondoka na hakurudi tena. Tangu siku hiyo Mama Pini akaelewa kwamba mtu anayekuja kupimwa kiuno hatafuti habari, anatafuta kutiwa moyo. Akawa anauzungusha utepe, anausoma kimoyomoyo, halafu anatangaza namba nyingine kabisa. "Thelathini na sita, mama. Hivi wewe unakula kweli?" Mteja anacheka, anajigeuza mbele ya kioo, anaagiza gauni la pili.

Sasa namba ya kweli aiweke wapi? Karatasi haina siri, na wateja wana macho. Ndipo akaigeukia simu. Akishapima anaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, pini zake bado zimebanwa mdomoni (jina lake lilitoka huko), anabonyeza pa kurekodi, ananong'ona: "Mwalimu mkuu. Kiuno nimemwambia thelathini na saba. Kweli yenyewe arobaini na sita, na hapo alikuwa amebana pumzi." Wanawake wa mtaa mzima walikuwemo ndani ya simu ile, wala hakuna aliyepunguziwa hata inchi.

Na simu yenyewe haikuwa na ulinzi wowote. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ofisini katika mji mwingine, aliwahi kumwekea namba ya siri, akaitoa. Kuifungua kwa alama ya kidole kulishindikana, maana sindano na chaki vilikuwa vimemlainisha vidole hata simu ikawa haimtambui. Sauti ya mlio nayo aliizima, kwa sababu kila anayepiga huuliza nguo yake iko wapi. Kazi kubwa ya simu hiyo mchana ilikuwa kupimia mifuko. Gauni la Mama Pini halikosi mfuko, na kabla hajalikabidhi huitumbukiza simu mfukoni, akalitikisa gauni, akaona kama inatulia. "Mfuko usiomeza simu," alikuwa akisema, "huo ni kiraka."

Asubuhi moja alimkabidhi Mama Redio gauni lake la kijani. Mama Redio alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, na jina hilo hakupewa bure: jambo likipita kwake asubuhi, mchana hata viziwi wanalo. Alikuwa na haraka, ana kikao nyumbani kwake siku hiyo hiyo, akalivaa palepale na kuondoka akipunga mikono. Mama Pini akampima mteja mwingine, akaingia nyuma ya pazia, akapeleka mkono kwenye kirafu chake. Hakikuwa na kitu.

Alimwaga kikapu cha vipande. Akainua cherehani. Akalivua nguo lile sanamu la dirishani, likabaki uchi mbele ya wapita njia. Akamtazama mteja wake kwa jicho la polisi mpaka yule mama akaanza kujipapasa mwenyewe kuona kama kweli hakuiba. Mwishowe akachomoka mbio kwa kinyozi, utepe shingoni.

Kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mtu. Akaacha mashine, akapiga namba ya Mama Pini.

"Inaita," alisema. "Basi haijaibiwa hiyo. Mwizi angekuwa ameshaizima."

"Au bado anatafuta pa kuzimia."

"Tupige kampuni ya simu waifunge laini."

"Laini hata kesho wataifunga. Laini haina maneno. Maneno yamo ndani!"

"Maneno gani?"

"Ya kazi."

Yule mteja mwenye kichwa nusu aligeuka kwenye kiti. "Kuna picha?"

"Wewe kaka, kaa unyolewe," alisema Mama Pini.

Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya binti yake. Akampigia, akamweleza huku akihema.

"Mama, si nilikuwekea namba ya siri?"

"Niliitoa."

"Kwa nini lakini?"

"Ilikuwa inaniulizauliza. Kila nikiishika inataka kujua mimi ni nani. Simu yangu mwenyewe!"

Binti akavuta pumzi. "Haya, sikiliza. Ile akaunti niliyokufungulia bado ipo. Naweza kuona simu iko wapi. Naweza kuiliza hata kama uliizima sauti. Na naweza kufuta kila kilichomo nikiwa hukuhuku. Ila nikifuta, vimekwenda moja kwa moja, na simu yenyewe hatutaiona tena kwenye ramani. Uliweka nakala popote?"

"Nakala ya nini? Siri niigawe mara mbili?"

"Basi ngoja niangalie ilipo." Akasikika akibonyeza. "Wala haijaenda mbali. Iko nyuma ya shule, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja wa mpira."

Mama Pini aliketi kwenye benchi bila kuangalia kama kuna mtu. Nyumba ya mwisho kabla ya uwanja wa mpira ilikuwa ya Mama Redio. Akaliona gauni la kijani, akauona mfuko wa kulia, akauona mkono wake mwenyewe ukiitumbukiza simu na kulitikisa gauni. Kumbukumbu yake haikufika pale mkono unapoitoa.

"Niilize, Mama?"

"Usithubutu!"

Aliogopa, tena aliogopa kweli. Muda huo wanawake wote waliokuwemo ndani ya simu walikuwa wameketi kuizunguka, na aliyeishika alikuwa Mama Redio. Akifuta, vitambaa vya sare za chama vilivyojaa dukani vitakuwa havina vipimo, na kumpima kila mtu upya ni kumwambia kwa nini. Asipofuta, kila mmoja ataisikia namba yake kwa sauti ya fundi wake, mbele ya wenzake. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha binti. Lakini lililomchoma zaidi ni kwamba wale wanawake walikuwa wakitoka dukani kwake wamenyoosha shingo, na hakutaka kuwaona wameinama.

"Usikate simu," alimwambia binti. "Nikifika nitajua. Nikisema futa, futa."

Kinyozi hakuwa mtu wa kuachana na simu yake, kwa hiyo akaenda naye. Mteja naye, kuliko kubaki dukani peke yake na kichwa cha nusu, akawafuata na kitambaa chake cha kunyolewa kikipepea mgongoni. Watu wa njiani walidhani kuna ugomvi wa kunyoa vibaya.

Sebuleni kwa Mama Redio viti vilikuwa vimejaa. Mwenyewe alisimama katikati na gauni lake jipya, limemkaa vizuri ajabu, na simu ya Mama Pini iko mkononi mwake.

"Huyo kaja!" alisema. "Jamani, nilikuwa nawaeleza. Navaa gauni langu, naona paja zito upande mmoja, nikasema labda uzee. Kumbe fundi kanipa na simu."

"Ahsante, dada," Mama Pini alisema, akanyoosha mkono. "Naomba niende, nimeacha duka wazi."

"Subiri kidogo. Sikujua ni ya nani, basi nikawa nabonyeza hapa na pale nimtafute mwenyewe. Nikakuta sauti. Tele! Nikakaa chini nikazisikiliza." Akamtazama Mama Pini usoni. "Zote."

Mama Pini aliisogeza simu ya kinyozi mdomoni, halafu akaishusha. Kufuta kungemsaidia nini sasa? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagikia masikioni mwa Mama Redio.

"Sauti za nini hizo?" mwalimu mkuu aliuliza, akisogeza kiti mbele. "Tuwekee na sisi."

"Za huyu huyu. Anajirekodi."

"Anasemaje?"

Mama Redio alinyamaza. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akinyamaza, kwa hiyo wote wakanyamaza naye.

"Anaimba," alisema mwishowe. "Jamani, anaimba! Nimesikiliza mpaka mwisho nikidhani mbele kutakuwa na nafuu. Hakuna. Anaimba kama mtu mwenye pini mdomoni. Nawaombeni, kwa heshima ya chama, asiwepo wa kumwambia aimbe kwenye shughuli yoyote."

Sebule nzima ililipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alijifuta machozi, kinyozi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mama Pini, ambaye maisha yake yote hajaimba hata akifua, alicheka kuliko wote, na machozi yake hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Mama? Nifute?" sauti ndogo iliuliza kwenye simu ya kinyozi.

"Usifute," alinong'ona. "Usifute kitu, mwanangu."

Mama Redio alimsindikiza mpaka getini, akawaacha kinyozi na mteja wake watangulie, ndipo akamkabidhi simu.

"Nimekuwekea namba ya siri. Kuacha simu kama hii wazi ni wazimu."

"Namba gani?"

"Kiuno changu, halafu nyonga."

Mama Pini akaanza kuandika. Simu ikakataa.

"Siyo hizo, mwongo mkubwa we," Mama Redio alisema. "Zile za nyuma ya pazia."

Akaandika zile za nyuma ya pazia. Simu ikafunguka. Mama Pini akaikumbatia kifuani.

"Kwa nini hukusema, dada? Wewe, nikujuavyo!"

Mama Redio alilinyoosha gauni lake kwa viganja, taratibu. "Ningeanzia kwa nani, wakati namba yangu ndiyo kubwa kuliko zote?" Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo wengi hawakujua anayo, "Na ile thelathini na nane yako, nilikuwa naipenda."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Binti alipokuja likizo aliweka nakala ya kila kitu mahali salama, akamfundisha mama yake kuitafuta simu kwa ramani, na akashangaa kuona tayari ina namba ya siri. Aliuliza ni namba gani. Mama yake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe binti huyo, alikataa kumwambia. Mtaani ilibaki sifa moja tu, kwamba Mama Pini ni fundi hodari lakini asiruhusiwe kuimba, naye aliibeba bila kinyongo.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Redio akaja na kitambaa kipya, duka limejaa watu. Mama Pini akauzungusha utepe kiunoni, akausoma, akausoma tena.

"Thelathini na nane," alitangaza. "Palepale, dada. Hujabadilika hata kidogo."

Wateja wakaguna kwa kumwonea wivu. Mama Pini akaingia nyuma ya pazia na simu yake, na alikuwa hajaanza hata kunong'ona aliposikia sauti ya Mama Redio ikimfuata kutoka upande wa pili, tulivu kabisa.

"Fundi, ukimaliza huko, badilisha na ile namba ya siri."